Matone Manne

Ukitaka kuwagombanisha wanawake wawili wa ukoo mmoja, wape jiko moja. Kiwanda cha siki hakikuwa na jiko la kuwapa, kikawapa maabara.

Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya matangi. Kilikuwa na dirisha moja, meza ya vigae vyeupe, sinki lenye doa la kahawia lisilosikia sabuni, na harufu ya siki iliyokwisha kuingia mpaka kwenye mbao za mlango. Mgeni akiingia alikohoa. Wenyeji walikuwa wameacha kuisikia harufu hiyo zamani, ila wakitoka nje walishangaa kwa nini hewa haina ladha.

Mkubwa wa meza ile aliitwa Bi Tone. Jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na wapakiaji wa magari, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuhesabu matone, na kwa kuwa hata chai aliimimina kana kwamba kila tone lina jamaa zake wanaolingojea kwenye kikombe. Zamu ya pili ilishikwa na Mama Pacha, mke wa mdogo wake Bi Tone. Basi walikuwa mawifi nyumbani na mawifi kazini, na mtu aliyewahi kuwa na wifi hahitaji kuelezwa zaidi.

Kazi yao ilikuwa kujua siki ya kila tangi ina ukali kiasi gani. Kuonja hakusaidii. Ulimi wa mwenye njaa si ulimi wa aliyeshiba, na ulimi wa mwenye hasira huona kila kitu kikali. Kwa hiyo walipima. Siki huzimuliwa kwa maji mpaka iwe mara kumi ya wingi wake, halafu huvutwa mililita kumi kwa pipeti, ule mrija mwembamba wenye tumbo, na kuachiwa ndani ya chupa ya koni. Humo hutiwa matone mawili ya fenolfthalini, dawa ambayo ndani ya asidi haina rangi kabisa, utadhani ni maji. Juu ya chupa husimama bureti, mrija mrefu wa kioo wenye mistari ya kupimia na koki chini, umejazwa kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, ambayo nguvu yake inajulikana. Unafungua koki kwa mkono wa kushoto, unatikisa chupa kwa mkono wa kulia. Kostiki inashuka, kila chembe yake inamshika chembe mmoja wa asidi, wanaoana, wanatulia. Asidi ikiisha, tone linalofuata halina mchumba. Linaona haya, na chupa nzima inageuka rangi ya waridi.

Hapo ndipo pa kufunga koki. Si waridi la kukoza, bali lile hafifu, kama ukucha wa mtoto mchanga. Ukisubiri likoze, umeshapita.

Kinachobaki ni hesabu ya darasani. Kwa vipimo vyao, kila mililita ya kostiki iliyoshuka ilisimama badala ya gramu sifuri nukta sita za asidi katika mililita mia za siki. Zikishuka mililita saba, zidisha, upate nne nukta mbili. Kanuni ya kiwanda ilikuwa fupi: siki isiyofika nne haitoki.

Shuleni mambo haya huitwa titresheni. Bi Tone aliyaita kupima, na alikuwa ameyafanya tangu nywele zake zikiwa nyeusi bila msaada wa dukani.

Ugomvi ulianzia kwenye tangi la tatu. Asubuhi Bi Tone alipima akapata sita nukta nane. Alizidisha, akaandika ubaoni kwa chaki: 4.08. Mchana Mama Pacha aliingia zamu, akapima upya tangi lilelile kama ilivyo desturi ya kukabidhiana, akapata sita nukta sita. Akaandika chini yake: 3.96.

Haikuwa mara ya kwanza namba za mawifi hao kupishana. Lakini matangi ya siku za nyuma yalikuwa makali, ukipunguza hapa au ukiongeza pale yote yalipita, na hakuna aliyejisumbua kutazama. Safari hii mstari wa kanuni ulipita katikati yao, mmoja upande huu na mwingine upande ule.

Meneja alisimama mbele ya ubao mikono kiunoni. Alikuwa mtu mfupi aliyevaa kofia ngumu hata akiwa ofisini, kama anayetarajia dari limwangukie siku yoyote.

"Hili tangi lina siki ngapi?" aliuliza.

"Moja tu," Bi Tone alijibu.

"Basi mbona lina namba mbili?"

"Muulize aliyeandika ya pili."

Mama Pacha alikuwa anafunga aproni. Hakugeuka. "Wa pili ndiye anayesahihisha, meneja. Hata shuleni mwalimu haandiki kwanza."

"Sikia, wifi," Bi Tone alisema kwa sauti ya upole, ile sauti ambayo familia nzima iliijua na kuiogopa. "Pipeti unaiosha kwa maji, halafu unavutia siki humohumo ingali mbichi. Siki yako inakunywa maji kabla haijapimwa. Lazima ionekane nyonge."

"Mimi naisuuza kwa maji, kisha naisuuza kwa siki yenyewe, ndipo napima. Wewe ndiye unayesuuza chupa ya koni kwa siki. Unabakiza siki chini, unaongeza nyingine juu, halafu unasema tangi kali!"

"Mimi? Mimi nisuuze chupa ya koni kwa siki? Mimi niliyekufundisha kushika koki?"

"Ulinifundisha kushika koki, ndiyo. Kufunga kifuniko cha chupa ya kostiki hukunifundisha, maana wewe mwenyewe hufungi. Kostiki yako inakaa wazi inakunywa hewa, inalegea. Kostiki iliyolegea lazima imwagike nyingi ndipo iishinde asidi. Ndiyo maana namba zako zimenenepa."

Kila mmoja alikuwa na chupa yake ya kostiki, aliyoitengeneza mwenyewe na kuiandika kwa mkono wake. Hili lilitokana na ugomvi mwingine, wa zamani, ambao hata wao walikuwa wamesahau ulihusu nini.

Meneja aliwatazama kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Hakuelewa nusu ya maneno yale, ila alielewa kuwa yote yalihusu kuosha vyombo.

"Mimi siamui nani anajua kuosha," alisema. "Kesho lori linakuja kuchukua tangi hilo. Na kwenye mashine ya vifuniko napungukiwa mtu. Kesho nitajua namba ya nani ni ya kweli. Mwenye namba ya kweli atabaki na meza hii. Mwingine ataenda kwenye vifuniko."

Akaondoka na kofia yake.

Vifuniko vilikuwa upande wa pili wa uwanja, kwenye banda la bati. Chupa zilipita kwenye mkanda, na mtu alikaa kuangalia kama kila moja imevaa kifuniko sawasawa. Iliyovaa upande aliitoa. Basi. Kazi ya heshima kama kazi nyingine, lakini haikuwa na hesabu, na Bi Tone aliitazama kama imamu anavyotazama kazi ya kupanga viatu mlangoni.

Jioni hiyo nyumbani mambo hayakupoa. Nyumba zao mbili zilitazamana kwenye ua mmoja, na katikati kulikuwa na kamba ya nguo. Mdogo wake Bi Tone, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa amekaa kibarazani anakula, akijifanya kiziwi. Bi Tone alipita chini ya kamba akashika ncha ya shuka.

"Wifi," aliita, "shuka hizi ulizifua au ulizionyesha maji kwa mbali? Zimekuwa za manjano."

"Za manjano?" Mama Pacha alitokeza dirishani. "Wifi, shuka hizo ni nyeupe mpaka zinaumiza macho!"

"Labda macho yako ndiyo mepesi kuumia."

"Mume wangu, sema! Shuka hizi zina rangi gani?"

Fundi alitafuna, akameza, akanywa maji. "Mimi nalishwa na huyu, na nimebebwa mgongoni na yule," alisema. "Rangi sizijui. Mimi nachomelea vyuma."

"Dume zima!" walisema wote wawili kwa pamoja, na hilo ndilo lilikuwa jambo pekee walilokubaliana siku ile.

Bi Tone aliingia kwake akawasha taa. Balbu ilikuwa hafifu, yenye rangi ya samli. Alikuwa ameibadilisha hivi karibuni, na akawalaani wenye maduka wanaouza balbu mbovu. Kisha akakaa kitandani kufikiri.

Aliwaza juu ya kostiki. Neno la wifi yake lilikuwa limemchoma kwa sababu lilikuwa na akili. Kostiki ikiachwa wazi hulegea, hilo ni kweli. Na kostiki iliyolegea hutoa namba kubwa kupita haki, hilo nalo ni kweli. Lakini yeye alijua anavyofunga chupa yake: anazungusha kifuniko mpaka kinalia. Alichohitaji ni njia ya kuonyesha hivyo mbele ya mtu ambaye haelewi kemia. Alifikiri, akapata. Alilala usingizi wa mtu aliyeshinda kesi kabla haijasomwa.

Kesho yake Meneja alikuja na sharti lake: mawifi wapime mmojammoja, mwingine akingoja nje mlango umefungwa, kama wanafunzi wa mtihani, ili asiwepo wa kuchungulia chupa ya mwenzake. Bi Tone akamwambia ana sharti la kuongeza.

"Kila mmoja apime mara mbili," alisema. "Mara ya kwanza mililita kumi, kama kawaida. Mara ya pili ishirini."

"Kwa nini?"

"Meneja, umewahi kununua mchele kwa kibaba kibovu?"

"Nani hajawahi."

"Kibaba kikiwa pungufu, ukinunua vibaba viwili umeibiwa mara mbili. Sivyo? Upungufu unakua na mzigo. Sasa kostiki ndiyo kibaba changu. Kama imelegea, kama anavyosema huyu, basi nikipima siki mara mbili, tofauti yangu na yake nayo itakuwa mara mbili. Jana tulipishana nukta mbili za mililita. Leo kwenye ishirini tutapishana nukta nne."

"Na kama kibaba ni kizima?"

"Kama kibaba ni kizima, tofauti haitakua. Itakuwa kama mtu anayedondosha konzi moja ya mchele mlangoni kila anapoingia. Abebe kikapu, abebe gunia, konzi ni ileile."

Meneja alipenda mfano huo. Alikuwa mtu wa chakula. Mama Pacha alitikisa kichwa kukubali, maana hesabu ni hesabu hata ikitoka kinywani mwa wifi.

Mama Pacha aliingia kwanza. Kupitia mlangoni Bi Tone alisikia maji, kioo kikigusa kioo, kisha kimya cha koki. Wifi yake alitoka na namba mbili. Kwenye kumi: sita nukta sita. Kwenye ishirini: kumi na tatu nukta mbili. Kwenye ishirini siki ni mara mbili, kwa hiyo kila mililita ya kostiki husimama badala ya gramu nukta tatu, nusu ya kawaida. Alizidisha zote mbili mbele ya Meneja. 3.96 na 3.96.

Bi Tone akaingia. Alisuuza bureti kwa kostiki yake, akaijaza, akafungua koki kidogo kufukuza kipovu cha hewa kilichojificha kwenye ncha. Alisuuza pipeti kwa siki. Alisuuza chupa ya koni kwa maji yaliyokenekwa, yale ya mvuke uliopozwa, mara tatu, akamwonyesha Meneja jinsi isivyobaki hata harufu. Aliweka kigae cheupe chini yake. Mikono yake ilifanya kazi kama mikono ya msusi: haikuharakisha na haikusimama. Kostiki ilishuka kwa mkondo, kisha kwa matone, kisha kwa tone moja moja, yeye akiinama, macho yakikaribia kioo. Tone. Tikisa. Bado. Tone. Tikisa. Bado. Tone. Tikisa. Hapo.

Kwenye kumi: sita nukta nane. Kwenye ishirini: kumi na tatu nukta nne.

"Nukta mbili!" Meneja alisema mlango ulipofunguliwa. "Kumi mnapishana nukta mbili, ishirini mnapishana nukta mbili. Haikukua. Kibaba kizima!"

Alichukua chaki mwenyewe akazidisha, akikosea mara moja na kufuta kwa kiganja. 4.08. Na 4.02.

"Zote zimevuka nne," alisema. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye lori lake liko njiani. "Chupa ya Bi Tone haina kosa. Yamekwisha. Mama Pacha, kesho vifuniko."

Mama Pacha alifungua aproni. Aliikunja mara mbili, kwa utaratibu, akaiweka mezani. "Hongera, wifi," alisema. "Chupa yako ni malaika. Nimekosea, nimekubali." Kisha akatoka kwenda kunawa mikono nje, ingawa sinki lilikuwa palepale.

Meneja naye akaenda kuangalia lori. Bi Tone akabaki peke yake na ushindi.

Alitaka kufuta ubao. Alichukua kitambaa, akaunyanyua mkono, mkono ukakaa hewani.

4.08. 4.02.

Namba za wifi yake zilikuwa pacha, kama watoto wake. Zake yeye zilikuwa ndugu wasiofanana. Tangi moja, mkono mmoja, kostiki moja, siku moja, na bado siki ileile ilikuwa na ukali huu ilipopimwa kidogo na ukali mwingine ilipopimwa nyingi. Haiwezekani. Tangi haliwezi kujua umelichotea kiasi gani. Na aliona pia upande zilikokwenda: alipozidisha siki, namba yake iliteremka kuelekea kwa wifi. Angepima thelathini ingeteremka tena. Angepima ndoo nzima wangekutana.

Akakumbuka maneno yake mwenyewe. Abebe kikapu, abebe gunia, konzi ni ileile. Alikuwa ameyasema kwa ajili ya kuisafisha chupa, na chupa ilikuwa safi kweli. Lakini konzi ilikuwa inadondoka. Mahali fulani, kila alipopima, mililita nukta mbili zilikuwa zinadondoka mlangoni, na mlangoni hapo hapakuwa na mtu mwingine ila yeye.

Matone ishirini ya bureti yake yalifanya mililita moja. Nukta mbili ni matone manne.

Alisuuza chupa ya koni tena. Safari hii hakutia siki. Alitia maji yaliyokenekwa peke yake, maji yasiyo na asidi, yasiyo na mchumba wa kumpa yeyote. Akatia fenolfthalini, akaiweka kwenye kigae, akasogeza chini ya bureti. Maji kama hayo tone moja la kostiki linatosha kuyaaibisha.

Alidondosha moja. Akatikisa. Maji.

La pili. Maji.

La tatu. Labda. Alisogeza chupa dirishani, akairudisha. Maji.

La nne. La tano, na waridi likaja, zuri, kama linavyokuja siku zote.

Bi Tone alikaa kwenye kigoda. Alifunika jicho la kulia kwa kiganja, akatazama ukuta; akafunika la kushoto, akatazama tena. Ukuta huo alijua umepakwa chokaa nyeupe, maana aliwasimamia wapakaji mwenyewe. Jicho moja liliuona wa rangi ya maziwa. Jicho lingine liliuona wa rangi ya samli. Aliifikiria ile balbu, na wenye maduka aliowalaani, na shuka kwenye kamba.

Nje lori lilikuwa linarudi kinyumenyume, likipiga kelele yake ya kuonya watu.

Hakuna aliyejua. Hilo alilielewa mara moja, bila kulitafuta. Meneja hakuona kitu ubaoni zaidi ya kwamba zote zimevuka nne. Wifi mwenyewe alikwisha kukubali kushindwa. Kilichotakiwa ni kupitisha kitambaa tu, na namba nne zingebaki vumbi kwenye ukingo wa ubao. Siki ya tatu nukta tisa sita haiui mtu. Na wifi yake angezoea vifuniko. Ni mdogo, ana mgongo wenye nguvu.

Akaweka kitambaa chini. Alimwaga yale maji, akasuuza chupa, akatia mengine, akatia dawa. Kisha akaenda mlangoni.

"Wifi! Hebu njoo hapa."

Mama Pacha alikuwa ameegemea bomba, mikono yake imekwisha kukauka. "Nini tena? Unataka nikuoshee vyombo vya ushindi?"

"Njoo, mwanamke. Nina swali."

Alikuja. Bi Tone alisimama mbele ya bureti, akashika koki. "Haya ni maji matupu. Niambie ukiona waridi."

"Wifi, unanifanyia mtihani mimi? Sasa hivi?"

"Niambie tu."

Tone la kwanza likaanguka. Bi Tone akatikisa.

"Hapo," alisema Mama Pacha.

Bi Tone hakufunga koki. Likaanguka la pili. "Hapo, nimesema! Umeshapita." La tatu. "Wifi, unafanya nini? Inakoza." La nne. "Imekuwa kama juisi hiyo!" La tano.

"Mimi ndiyo naiona sasa," alisema Bi Tone, akafunga koki.

Mama Pacha alifungua mdomo. Kwa miaka mingi alikuwa ameweka akiba ya maneno kwa ajili ya siku kama hii, yamepangwa vizuri, makali, ya kutosha mpaka kwenye ukoo. Akatazama chupa. Akamtazama wifi yake, ambaye alikuwa anafuta ncha ya bureti kwa karatasi, taratibu, kama kawaida.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Ningejua tangu lini, ningekuwa naona."

"Zile shuka..."

"Usianze na shuka."

"Sianzi. Nasema tu zile shuka zilikuwa nyeupe."

"Zilikuwa nyeupe, wifi. Haya. Umefurahi?"

"Kidogo," alisema Mama Pacha. Akavuta kigoda kingine akakaa. "Ni mtoto wa jicho huyo. Mama yangu alikuwa naye. Wanamtoa hospitali, siku hizi si kazi kubwa. Alirudi nyumbani akaanza kutukana vumbi chini ya kabati."

Meneja walimkuta kwenye lori, bomba la kujazia siki tayari limeshikwa. Bi Tone alimweleza kwa maneno machache. Meneja alisikiliza, akavua kofia ngumu, jambo ambalo watu hawakuwa wamewahi kuliona, akakuna kichwa.

"Lakini nne nukta sifuri mbili bado imevuka," alijaribu.

"Toa matone manne, meneja. Kumi na tatu nukta nne, toa nukta mbili, kumi na tatu nukta mbili. Zidisha kwa nukta tatu. Sita nukta nane, toa nukta mbili, sita nukta sita. Zidisha kwa nukta sita."

Meneja alizidisha kwa kidole kwenye vumbi la mlango wa lori. Mara zote mbili alipata namba ya Mama Pacha.

"Lipeleke tangi la tatu likachanganywe na siki ya tangi la kwanza," alisema Bi Tone. "Lile ni kali, litalibeba."

"Na lori?"

"Lori halina haraka. Dereva ndiye mwenye haraka."

Dereva alisema kitu ambacho si cha kuandikwa. Meneja alirudisha kofia kichwani, akafikiri tena, akapata wazo. "Basi kaa palepale. Kila ukipima, toa matone manne. Wewe mkono wako hauna mfano hapa. Tatizo liko wapi?"

Bi Tone alikwisha kulifikiri hilo, tena zaidi ya mara moja, alipokuwa akitembea kutoka maabara. Lilikuwa wazo tamu.

"Leo ni manne," alisema. "Mwezi ujao yatakuwa sita, au saba, na jicho halitanipigia hodi kunijulisha. Kosa unalolijua kipimo chake unaweza kulitoa. Hili linakua. Mpe Mama Pacha meza. Mimi nitakuwa kwenye vifuniko mpaka hospitali waniite. Kifuniko kilichovaa upande hata kipofu atakijua kwa kupapasa."

"Na ukitoka hospitali?"

"Nitakuja kupima maji matupu. Yakinigeukia kwenye tone la kwanza, tutaongea."

Walirudi maabara pamoja. Mama Pacha alichukua aproni aliyoikunja, akaikunjua, akaivaa tena. Bi Tone alianza kufunga kazi, maana kostiki haiachwi ndani ya bureti. Ikilala humo hushika koki, na koki iliyoshikwa haifunguki tena mpaka ivunjwe. Aliimwaga. Alisuuza mrija kwa maji, akaugeuza chini juu, akaubana kwenye kishikio koki ikiwa wazi, udondoke mpaka ukauke. Chupa yake ya kostiki aliizungusha kifuniko mpaka kikalia, akaisukuma upande wa pili wa meza, kwa wifi.

"Tumia na yangu," alisema. "Kibaba kizima hicho, umesikia mwenyewe."

Mama Pacha aliinua chupa ile, akaisoma lebo, akaiweka karibu na yake. Kisha akaitazama bureti iliyokuwa inadondoka kichwa chini.

"Umeisuuza mara ngapi?" aliuliza.

"Mara mbili."

"Ni tatu, wifi. Nani alinifundisha?"

Bi Tone alimtazama, upande wa jicho lililokuwa na nafuu. Akaifungua bureti kwenye kishikio, akarudi nayo kwenye sinki, akaifungulia maji.